Mkaguzi na Mate ya Mashine

Mimi si mtu wa ndege. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nilizaliwa na huruma kwa kila chenye mabawa. Kwetu ndege akiingia ndani alitolewa kwa ufagio, na aliyefugwa alifugwa kwa ajili ya chungu. Ila niliolewa kwenye nyumba yenye wifi mmoja, na mume wangu alipofariki, wifi huyo hakuniambia nikusanye vyombo nirudi kwetu. Alisimama mlangoni pa jiko, macho yamemvimba kwa kumlilia kaka yake, akasema, "Nyumba ni ya baba yetu, lakini jiko hili ni lako. Unakwenda wapi?" Nikabaki. Wanangu wameshakuwa na nyumba zao huko mbali, na mwaka huu ni wa saba tunaishi wawili: yeye na cherehani yake sebuleni, mimi na mashine yangu ya kusaga viungo sokoni, na katikati yetu kasuku.

Kasuku mwenyewe si wa kutisha. Wa kijani, mdogo, ukimshika anaenea kiganjani. Tunamwita Mkaguzi, kwa sababu wifi akimaliza kushona nguo huitandaza mezani, naye hupita juu ya mshono hatua kwa hatua, kichwa upande, na akikuta uzi unaning'inia anaukata kwa mdomo. Akimaliza anapiga kelele, "Wifi!" Hilo ndilo neno pekee alilojifunza humu ndani, na si ajabu, maana tunaitana hivyo kutwa nzima. Akiita tunaitika wote wawili, halafu tunabishana nani kaitwa.

Wifi yangu hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akaachwa kwa sababu hiyo hiyo, akarudi kwa baba yake na cherehani, wala sijamsikia akimsema vibaya yule bwana. Mkaguzi aliletwa na mteja aliyekuwa anahama, kifaranga asiye na manyoya hata ya kujisitiri, na wifi akamlea kwa uji wa kijiko kila baada ya saa mbili mpaka akaruka. Miaka tisa sasa. Nayasema haya ili ujue ni kiumbe gani nilikaribia kumuua kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilianzia kifuani. Asubuhi moja tukakuta manyoya saba chini ya tundu, kesho yake kumi na moja, na kufikia mwisho wa juma kifua cha Mkaguzi kilikuwa kitupu kama kidevu cha mtoto. Alikuwa anajinyonyoa mwenyewe. Wifi akawa hali, halali, anamtazama tu.

"Mpe manjano," nikamwambia. "Unga kidogo kwenye chakula. Ngozi inamwasha huyo."

"Wifi, ndege si sufuria."

"Ebo! Miaka ishirini na sita nasaga viungo, watu wanatoka mbali kunifuata, leo mimi sijui manjano?"

"Manjano unayajua. Ndege humjui." Hakuinua hata macho kwenye cherehani. "Daktari aliniambia zamani, cha jikoni chochote nimuulize kwanza. Nikimaliza hizi sare za shule nitampeleka."

Sare zilikuwa mia moja na ishirini, zimejaa sebule nzima mpaka pa kukaa hapana. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mtu akinigusa kazi yangu amenigusa mboni ya jicho. Nikanyamaza, lakini kimya changu mimi usikiamini. Nikajisemea moyoni: subiri manyoya yaote, ndipo tutajua nani hajui.

Hapa lazima nikueleze kazi yangu, la sivyo hutaelewa nilivyokosea. Mashine yangu ni moja, viungo ni vingi. Mtu akishasaga pilipili kali, anayefuata akileta manjano hataki yamchome ulimi. Kwa hiyo baada ya pilipili naimwagia mashine makopo mawili ya chumvi ya mawe, inazunguka humo ndani, inakwangua meno na kuta, inatoka nyekundu, natupa. Kisha natia manjano yangu mwenyewe, kama bakuli moja hivi, ndipo niweke ya mteja. Bakuli hilo la kwanza tunaliita mate ya mashine. Haliuzwi. Naenda nalo nyumbani, na ndilo tunalopikia tangu nilipoanza kazi. Mchuzi wangu unasifiwa mtaa mzima, na sikuwahi kujiuliza kwa nini mkono wangu wa chumvi ni mwepesi kuliko wa wanawake wengine.

Basi wifi akienda kuoga asubuhi, mimi huyo, nafungua tundu. Naponda kiini cha yai la kuchemsha, au kipande cha boga, nachanganya na yale manjano, nampa Mkaguzi. Siku ya kwanza alinitazama kama mtu anayesomewa hukumu, lakini akala. Siku ya pili nikamkuta ananisubiri mlangoni mwa tundu. Nikaanza kuzungumza naye, tena mambo ya maana: nani kaleta karafuu zilizojaa vijiti, mgongo unavyonisumbua, na jinsi kitanda changu kilivyo kipana tangu kaka yake wifi aondoke. Hilo la kitanda sikuwahi kumwambia mtu. Yeye ananisikiliza kwa jicho moja, mdomo umepakaa njano, na mimi mwanamke mzima najikuta nimechelewa kufungua mashine kwa sababu ya ndege. Nilimpenda, jamani. Niseme nini tena?

Manyoya hayakuota. Mwenye akili angeacha, mimi nikaongeza. Kutoka chembe ya kushika kwa vidole nikafika nusu kijiko, kutoka nusu nikafika kijiko kizima, maana kichwani mwangu dawa isiyofanya kazi ni dawa iliyopungua. Sikio la kufa, wanasema, halisikii dawa, na langu halikusikia hata la daktari.

Wiki ya tatu Mkaguzi akaanza kumaliza kikombe chake cha maji kabla ya saa nne asubuhi. Tunajaza, anamaliza tena. Choo chake kikawa maji matupu. Siku ya Jumatano wifi alimtandazia sare mezani aikague, naye akapiga hatua mbili, akayumba, akaanguka ubavu juu ya kola.

Wifi hakupiga kelele. Alimkunja katika kipande cha kitambaa cha sare, akamweka kifuani, akatoka bila viatu. Nilimkimbilia barabarani na viatu vyake mkononi, namwita, hageuki.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mpole wa sauti, ila maswali yake utadhani uko mahakamani. Mbele yetu palikuwa na mzee mwenye mbuzi. Akatupisha mwenyewe alipoona uso wa wifi. Daktari akampima Mkaguzi kwenye mizani ndogo kama ile ninayopimia karafuu, akamfungua mdomo, akamsikiliza moyo.

"Anakula nini?"

"Mtama, mboga za majani, matunda," wifi akasema.

"Chumvi?"

"Hajawahi kuionja tangu atotolewe."

"Biskuti, mabaki ya mezani, mchuzi?"

"Daktari, nakuapia. Mimi ndiye ninayemlisha."

Daktari akavua miwani. "Dalili zinanielekeza kwenye chumvi. Lakini kama unaapa hajala, basi huenda ni ugonjwa mwingine wa ndani, na matibabu yake ni tofauti. Nitamchoma sindano. Ila nakwambia kweli, mama, nikikosea, kimwili kidogo hiki hakitanipa nafasi ya pili."

Chumvi. Nikaiona chumvi ya mawe ikitoka nyekundu kwenye mashine yangu, na nikaliona bakuli linalofuata nyuma yake. Mungu wangu. Nikashika meza.

Sasa nisikilize. Wifi hakujua kitu. Ningenyamaza, Mkaguzi angechomwa sindano isiyo yake, angekufa, ingesemwa ni ugonjwa, tungemzika, na mimi ningerudi jikoni kwangu kama kawaida. Niliwaza hivyo, sitakudanganya. Niliwaza kwa muda ule ule daktari aliokuwa anavunja kichupa cha dawa na kuvuta bomba la sindano. Halafu nikamwona wifi yangu ameinama, anampulizia ndege kichwani polepole, kama anavyopulizwa mtoto mwenye homa. Mficha uchi hazai.

"Amekula chumvi," nikasema. "Nimempa mimi."

Nikayamwaga yote: manjano, boga, kijiko kizima, mate ya mashine, wiki tatu za wifi kuoga na mimi kuiba. Nilisema haraka, nikiogopa nikipumua nitaacha kitu. Daktari akaiweka sindano chini. "Umesema kwa wakati," akaniambia, akaanza kutafuta vitu vingine kabatini. Wifi hakuniangalia. Angenitukana ningejua pa kushika, lakini alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu vyenye vumbi, na viatu bado nilikuwa navyo mimi.

Daktari akatupatia maji maalumu ya dawa na kitone, kile kijibomba cha mpira cha kudondoshea. Matone machache kila robo saa, siku hiyo na ya kesho, mahali pa joto, wala asiachiwe kunywa kwa pupa, maana maji mengi kwa mkupuo yanaweza kumuua vilevile. Akifika keshokutwa, alisema, tutakuwa na la kuzungumza.

Nyumbani wifi akasukuma sare zote ukutani, akaweka tundu karibu na cherehani, akamtoa Mkaguzi, akachukua kitone. Tone la kwanza likaangukia kwenye bawa, la pili kwenye jicho. Mikono inayotia uzi kwenye sindano bila miwani, leo haijui mdomo wa ndege uko wapi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, siingii wala sitoki.

"Shika wewe," akasema.

"Mimi, wifi?"

"Kwani kuna mwingine humu?" Sauti yake haikuwa na msamaha hata chembe. "Nimekukasirikia mpaka najiogopa. Lakini mkono wako umezoea kupima. Shika."

Nikanawa mara tatu mpaka viwiko, nikashika.

Siku ya pili sikwenda sokoni. Mara ya mwisho kuifunga mashine ilikuwa msiba wa mume wangu. Nilikaa kwenye kigoda karibu na dirisha, Mkaguzi mapajani ndani ya kitambaa, na kila robo saa namdondoshea. Wifi alikuwa anashona na kunipa mgongo. Cherehani inakwenda, inasimama, inakwenda. Mimi kukaa kimya siwezi, hilo ni gonjwa langu, na aliyekuwa tayari kunisikiliza ni huyo mgonjwa tu. Nikaanza kumnong'oneza. Nikamwambia samahani. Nikamwambia asife, tafadhali, anajua mwenyewe nyumba hii ilivyo, na kile kitanda bado ni kipana vilevile, usiku naweka mto upande wa pili ili nikigeuka nikute kitu, na asubuhi nautoa kabla wifi hajaingia kufagia, nisionekane mjinga.

Cherehani ikasimama.

"Mto?" wifi akasema.

Aligeuka kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tangu jana akanitazama usoni.

"Miaka saba," akasema. "Miaka saba tunakula sahani moja, unanichekesha, unanitania, nakuona unavyotoka alfajiri unaimba, nasema wifi yangu ana moyo, msiba umempita. Kumbe mto. Ndege unamwambia, mimi huniambii."

"Niliona wewe una yako, wifi."

"Alikuwa kaka yangu!" Akapiga meza, bobini ikadondoka ikabiringika mpaka chini ya kabati. "Ungeniambia tungelia wote. Unafikiri mimi nilimlilia na nani? Hilo ndilo limeniuma, kuliko manjano yako. Manjano ni ujinga tu, na ujinga wako naujua tangu siku ya harusi."

Nikacheka, halafu nikalia, halafu yeye akalia, na robo saa ikatupita. Wifi ndiye aliyekumbuka. "Maji, maji, wewe!" Nikashika kitone kwa mkono uliolowa machozi, nikakipeleka kwenye mdomo, na Mkaguzi, aliyekuwa amelala kama tambara tangu jana, akafungua jicho, akageuza shingo, akaning'ata kidole mpaka damu.

Salale! Sijawahi kuumizwa nikafurahi namna ile. Wifi akakikamata kidole changu, akakifunga kwa kipande cha sare ya shule, tena kwa fundo la uhakika, huku anacheka na kamasi zinamtoka.

Baada ya wiki tukamrudisha kwa daktari amwone. Mkaguzi alisimama kwenye mizani kama bwana shamba, amerudisha uzito wake, anataka kuikata miwani ya daktari.

"Niambie ukweli, daktari," nikasema. "Manjano ni sumu kwao?"

"Manjano hayana kosa. Kosa ni chumvi, na kosa ni kijiko." Akakutanisha ncha za vidole viwili. "Kiasi hiki tu, basi. Kwenye chakula laini, mara moja au mbili kwa wiki, si kila siku. Nunua mizizi mizima, ikauke, itwange kwenye kinu kisichopita kitu kingine. Mdalasini na tangawizi, vilevile, kwa ncha ya kidole. Kitunguu na kitunguu saumu usimpe, kungumanga usimpe, parachichi na chokoleti ndiyo usimwonyeshe kabisa. Na cha jikoni chochote..."

"Nikuulize kwanza," nikamalizia, na wifi akakohoa upande wa pili.

"Na pilipili?" nikauliza.

"Pilipili anakula kama karanga. Ndege hawahisi ule ukali."

Nikamtazama Mkaguzi kwa heshima mpya. Pilipili zimenitoa machozi miaka ishirini na sita, kumbe kuna mtu nyumbani kwetu hazimwambii kitu.

Halafu daktari akamgusa kifua kile kitupu. "Huku kujinyonyoa ndiko kunakonishughulisha. Ngozi ni safi, haina upele wala wadudu. Ndege wa aina hii akijinyonyoa, mara nyingi ni upweke. Mmemhamisha?"

"Sare zilipojaa sebuleni nilimpeleka koridoni," wifi akasema taratibu. "Karibu mwezi, mpaka alipougua. Nilimtoa kukagua tu, nikamrudisha." Nikaona kidevu kinaanza kumcheza. Nikamshika mkono, nikamwambia asianze, kwenye nyumba ile mjinga anatosha mmoja na nafasi imeshajazwa. Akanifinya, lakini hakuutoa mkono.

"Basi abaki panapo watu," daktari akasema. "Mwenye kuzungumza naye azungumze. Atafunika kifua mwenyewe."

Tukatoka mpaka mapokezi. Karani alikuwa na kadi mpya mbele yake, maana siku ya kwanza hakuna aliyekumbuka kuandikisha. Akaandika aina ya ndege, rangi, miaka. "Mwenye ndege ni nani?"

Nikamwonyesha wifi kwa kidole, nikarudi nyuma hatua moja nipishe.

"Andika wawili," wifi akasema.

"Mstari ni mmoja, mama. Andikeni mmoja tu, yule ambaye daktari atamuuliza ndege akiugua."

Wifi akamweka Mkaguzi begani, akafikiri, kisha akanivuta kwa mkono mpaka mbele ya meza.

"Basi andika huyu. Siku ile mimi niliapa, na nilikuwa nimekosea. Huyu ndiye aliyesema kweli."

Nililia pale pale mapokezi, mbele ya watu, na sitasingizia pilipili. Karani aliniuliza jina langu mara tatu kabla sijaweza kulitamka.